Mwenye Njaa Naye Ana Haki ya Kuwaza

Kuna kauli ambayo hapa Mwanza haihitaji mtetezi, maana watu wameshaikubali kabla hawajaulizwa: falsafa ni ya mtu aliyeshiba. Utaisikia kijiweni Buzuruga, dereva wa bodaboda anapokutwa na hedifoni masikioni akisikiliza mafundisho juu ya mateso na utulivu wa nafsi, wakati wenzake wanabishana Simba na Yanga. Utaisikia kwa muuguzi anayemwona mwenzake wa zamu ya usiku akisoma kitabu kisicho cha mtihani. Utaisikia hata kwa wenye shahada, ambao tungetarajia wawe wa kwanza kuikataa: "Huyu naye siku hizi amekuwa mwanafalsafa," na watu wanacheka. Likitajwa jina la Budha, kicheko kinageuka wasiwasi. Kijana kapotea. Kaingia dini ya masanamu. Wazazi wake wafanye mpango wa maombi.

Naipinga kauli hii, tena kwa uchungu, kwa sababu watu wa Kanda ya Ziwa wameilipia kwa miaka mingi, na wengine wameilipia kwa uhai wao. Anayeteseka ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuliza mateso yanatoka wapi na yanakomaje. Ukimnyima haki hiyo kwa kisingizio kwamba tumbo lake bado halijajaa, hujamwacha bila falsafa. Umemwachia ya mpiga ramli.

Wanaosema maskini hana muda wa kuwaza hawajakaa na mama anayeanika dagaa siku mawingu yanapotanda. Chukua mwalo wa Igombe, au wowote wa visiwani. Mitumbwi inarudi alfajiri, taa zimeshazimwa, dagaa wanauzwa kwa ndoo. Mama ananunua kwa hela ya mkopo: wa kikundi kama ana bahati, wa kausha damu kama hana. Anawamwaga mchangani au juu ya chanja, anawatandaza kwa kiganja mpaka wasilaliane, kisha anawageuza jua linapopanda. Jua likiwaka vizuri, jioni anafunga gunia la kupeleka soko la Mwaloni Kirumba. Mvua ikishuka saa nane mchana anakimbia na turubai, anaokoa anachoweza, na waliobaki wanalala wamelowa. Asubuhi wamebadilika rangi na harufu. Hao si mboga tena. Watachukuliwa na watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na marejesho ya mkopo yako pale pale.

Sasa mfuate mama huyu usiku. Hasara imeshatokea na haitaongezeka mpaka kuche, lakini usingizi hauji. Ningeanika mapema. Ningemsikiliza mume wangu. Mimi nina mkosi tangu nizaliwe. Mbona dagaa wa fulani wamekauka, na kwa nini juzi alinitazama vile? Huyo tayari anawaza, na anawaza kwa bidii kuliko mhadhiri yeyote. Anachokosa ni mtu wa kuwaza naye, na njia ya kuyapanga mawazo hayo ili yasimmalize.

Yapata miaka 2,500 iliyopita, kaskazini mwa India, Budha aliieleza hali hii kwa mfano wa mishale miwili. Mtu anachomwa mshale; mwili unauma, na maumivu hayo hakuna anayeyakwepa, awe mjinga au mwerevu. Kisha asiyefundishwa anajichoma wa pili kwa mkono wake mwenyewe: anajilaumu, anaogopa, anatafuta wa kumchukia. Mvua ya Igombe ni mshale wa kwanza. Usiku ule mzima ni wa pili. Anayeniambia kwamba mafundisho haya ni ya walioshiba, namwomba anionyeshe mtu aliyeshiba anayeyahitaji kuliko mama yule.

Upo mshale mwingine katika mafundisho hayo hayo. Mtu kapigwa mshale wa sumu. Jamaa zake wanamletea tabibu, naye anakataa usichomolewe mpaka kwanza aambiwe aliyeurusha ni nani, wa ukoo gani, mrefu au mfupi, na upinde wake ulikuwa wa aina gani. Sumu inapanda, yeye anahoji. Anakufa kabla hajajibiwa. Budha aliutoa mfano huu kwa mtawa aliyetaka kwanza ajibiwe kama ulimwengu una mwisho au hauna. Mimi kila nikiusoma namwona mtu wa kwetu aliyeketi mbele ya mpiga ramli akiuliza: ni nani?

Hilo ndilo swali tulilolelewa nalo. Ng'ombe kafa, nani? Mtoto kaugua, nani? Nyavu zimerudi tupu, nani? Na jibu mara nyingi limekuwa jirani tu, kikongwe mjane mwenye macho mekundu. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi, kwa sababu amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha. Hata hivyo Usukumani wanawake wa namna hiyo wamekatwa mapanga usiku kwa miongo kadhaa, na wapo waliouawa kwa idhini ya ndugu wa damu. Kuanzia mwaka 2007 wimbi likawaangukia watu wenye ualbino. Waliuawa na kukatwa viungo Mwanza, Shinyanga, Geita na kwingineko, kwa sababu waganga waliwaambia wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba utajiri wao umo ndani ya mifupa ya jirani. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Marufuku inaweza kumfunga mpiga ramli; haiwezi kulitoa swali kichwani mwa mteja wake.

Ndiyo maana sikubali tuambiwe kwamba tunachagua kati ya falsafa na ugali. Maskini wa Kanda ya Ziwa tayari ana falsafa ya mateso, nzima kabisa, yenye wataalamu wake, ada zake na hukumu zake. Inasema kila baya lina mkono wa mtu. Inasema bahati ya mmoja imeibwa kwa mwingine. Tunachobishania ni kama ataruhusiwa kuiweka mezani pamoja na nyingine na kuzipima.

Hapo mpinzani hutoa hoja anayoiona ya mwisho: Budha mwenyewe alikuwa mwana wa mtawala, alikulia katika raha, akaondoka kwa hiari yake. Ni kweli. Lakini tazama waliomfuata na kukumbukwa kwa majina. Upali alikuwa kinyozi. Sunita alikuwa mfagia taka. Na yuko Patacara, ambaye kisa chake kimehifadhiwa na Mabudha tangu kale, kisa ambacho ningependa kila mwanamke wa visiwani kwetu akisikie.

Patacara alitoroka kwao na mtumishi aliyempenda. Wakiwa njiani kurudi kwa wazazi ili ajifungue mtoto wa pili, mvua kubwa ikawakuta porini. Mume akaenda kukata miti ya kujengea kibanda, akaumwa na nyoka, akafa. Mwanamke akajifungua peke yake, na kulipokucha akamkuta mumewe amekauka. Akaendelea na safari akafika kwenye mto uliofurika. Hakuwa na nguvu za kuwavusha watoto wote wawili kwa mara moja, hivyo akamwacha mkubwa ukingoni, akamvusha mchanga, akamlaza ng'ambo, akarudi kumchukua wa kwanza. Alipofika katikati ya mto mwewe akashuka akamnyakua kichanga. Mama akapiga kelele na kurusha mikono; mkubwa akadhani anaitwa, akaingia majini, mto ukamchukua. Akatembea kuelekea kwa wazazi wake, na kabla hajafika akapewa habari kwamba nyumba imewaangukia usiku ule ule, baba, mama na kaka. Akili ikamtoka. Nguo zikamwanguka akawa anazunguka uchi, watu wakimtupia taka, mpaka akafika mahali Budha alipokuwa anafundisha. Wasikilizaji walitaka afukuzwe. Mwalimu akasema mwacheni aje. Akamwambia airudishe akili yake, na mtu mmoja akamrushia nguo ajisitiri.

Alifanywa mtawa. Siku moja, akinawa miguu, aliyatazama maji aliyoyamwaga: ya kwanza yalikwenda kidogo yakanywewa na ardhi, ya pili yakafika mbele zaidi, ya tatu mbele zaidi tena. Akaona ndivyo watu wanavyokufa, wengine utotoni, wengine utu uzimani, wengine uzeeni. Akawa mwalimu wa wanawake waliofiwa, na mashairi yake na ya wanafunzi wake yamo katika mkusanyo wa watawa wa kike ambao ni mmojawapo wa mikusanyo ya kale kabisa ya ushairi wa wanawake duniani. Mwanamke huyo alikuwa ameshiba nini? Na mwanafalsafa Epictetus, ambaye vijana wetu wanamsikiliza siku hizi kwenye simu, si alikuwa mtumwa katika dola ya Roma?

Wengine wanakubali hayo yote kisha wanasema: sawa, lakini si ya kwetu. Ya kwetu ni yapi? Mwaka 2004 ilitoka filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa Mwanza, juu ya sangara, ndege za mizigo na watu wanaokula mapanki. Ilizunguka dunia ikafika hata kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani. Ugomvi ulikuwa juu ya ukweli wa picha na heshima ya nchi. Kilichoniuma mimi ni mgawanyo wa kazi uliokuwamo: sisi tulipewa kazi ya kuteseka, na mtazamaji wa Ulaya akapewa kazi ya kutafakari maana ya mateso yetu. Yule anayemcheka bodaboda mwenye hedifoni anauendeleza mgawanyo huo, tofauti ni kwamba yeye ni mtu wa hapa.

Dharau hiyo imeshajibiwa, na imejibiwa kwenye ukanda wa ziwa hili hili. Henry Odera Oruka, aliyezaliwa mwaka 1944 Ugenya, upande wa Siaya, alitumia miaka mingi kuwahoji wazee wa vijijini Kenya, wengi wao wenye elimu ndogo ya darasani, juu ya Mungu, usawa, uhuru na kifo. Mmoja wao alikuwa Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo. Oruka alikuwa anawapinga waliodai kwamba Afrika ina desturi na methali lakini haina mtu mmoja mmoja anayesimama na kuhoji hata desturi yake mwenyewe. Aliwapata watu wa kuhoji hivyo, akayaandika maneno yao, na kitabu kikatoka mwaka 1990. Ng'ambo ya pili, karibu na Entebbe, kipo kituo cha Kibudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na Mganda, Bhante Buddharakkhita. Alikwenda India mwaka 1990 kusomea biashara, akakutana huko na watawa kutoka Thailand, na mwaka 2002 akapewa utawa California. Aliporudi kwao amenyoa kichwa na kuvaa joho, wapo waliodhani bakuli lake la kupokelea chakula ni ngoma. Mama yake mzazi baadaye aliifuata njia hiyo hiyo. Simtaji ili watu wa Mwanza wabadili dini. Mtu anaweza kubaki alipo na bado akajifunza. Namtaja kwa sababu ziwa la kwao ndilo tunalolitazama sisi Capri Point.

Na mwaka ule ule wa 1944 aliozaliwa Oruka, Namagondo, Ukerewe, alizaliwa Euphrase Kezilahabi. Tunaye mwandishi aliyeuliza kwa Kiswahili, kutoka kisiwani kwetu, maswali magumu kuliko aliyouliza yeyote, na tumemfanya kuwa swali la mtihani. Wapo wanaomtumia dhidi yangu. Katika riwaya yake Kichwamaji, ya mwaka 1974, Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anahoji kila kitu na mwisho anajiua. Unaona, wanasema, mawazo mengi yanaua, usiwaze.

Mimi naisoma riwaya hiyo kinyume chao. Kazimoto hakuuawa na maswali. Aliuliza peke yake, katikati ya watu waliokosa mahali pa kuyaweka maswali yake: nyuma yake imani za wazee alizokuwa ameacha kuziamini, mbele yake wasomi wenye vyeo wasioamini chochote. Alifika kwenye ukweli wa kwanza wa Budha, kwamba maisha yana mateso, akasimama hapo. Kweli hizo ziko nne. Ya pili inasema mateso yana chanzo, na chanzo ni kiu yetu ya kutaka kushikilia yasiyoshikika. Ya tatu inasema yanaweza kukoma. Ya nne inaonyesha njia, na njia yenyewe imejaa mambo ya kila siku: unavyosema na watu, unavyotenda, unavyotafuta riziki bila kumuumiza mwingine. Kijana anayeambiwa "usiwaze" haondolewi kwenye ule ukweli wa kwanza, maana huo ataukuta wodini katika hospitali ya Bugando, ataukuta msibani, ataukuta kwenye ujumbe wa simu unaodai deni. Anazuiwa tu asifike kwenye zile tatu zilizobaki. Na ieleweke kwamba Kezilahabi mwenyewe hakuacha kuwaza baada ya Kichwamaji: mwaka 1985 alipata udaktari Chuo Kikuu cha Wisconsin kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi.

Kwa ndugu zangu wa makanisani na misikitini nina jambo moja. Kitabu cha Ayubu ni kirefu, na sehemu yake kubwa ni malumbano. Ayubu kafiwa na watoto, kapoteza mifugo, mwili umeoza, naye anauliza kwa nini, anauliza tena, anakataa majibu mepesi ya marafiki zake wanaomwambia lazima kuna kosa alilofanya. Mwishoni Mungu anawakemea marafiki. Waislamu nao wanamheshimu Ayubu kama nabii wa subira, na subira haikumzuia kumlilia Mola wake. Kuuliza juu ya mateso si uasi. Na kama ni jina la Budha linaloogopesha, historia ina jambo la kututuliza: kisa cha maisha yake kilisafiri magharibi, kikasimuliwa kwa Kiarabu katika ulimwengu wa Kiislamu, kikapita Georgia kikaingia Ulaya, na huko yule mwana wa mfalme akaheshimiwa kwa karne nyingi na Wakristo kama Mtakatifu Josaphat, akiwa na sikukuu yake kwenye kalenda. Waumini wa dini zote mbili walijengeka kwa kisa hicho bila kupoteza imani zao.

Nzito kuliko zote ni hoja ya wanaharakati, nami naiheshimu. Wanasema maskini wa ziwani haumizwi na kiu ya nafsi yake. Anaumizwa na kivuko kilichozidisha abiria, na mnunuzi anayepanga bei peke yake, na zahanati isiyo na dawa. Ukimfundisha utulivu umemfundisha kunyamaza. Hoja hii tuipime kwa misiba tunayoijua.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, imebeba watu kupita uwezo wake. Walikufa zaidi ya 800, na wengi wamelala makaburini Igoma. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka kikikaribia Ukara kutoka Bugolora, siku ya gulio. Walikufa 228. Miaka 22 imepita kati ya misiba hiyo, ziwa ni lile lile na kosa ni lile lile.

Sasa kumbuka maneno tuliyoambiana misibani. Kazi ya Mungu haina makosa. Siku yao ilikuwa imefika. Ni maneno ya faraja, na sitamnyang'anya mfiwa faraja yake siku ya mazishi. Lakini yakishahamishwa kutoka kwenye faraja yakawa maelezo, yanamsamehe aliyepokea nauli ya abiria wa 102. Kunyamaza tulifundishwa na maneno hayo. Hatukufundishwa na Budha. Mafundisho yake yamejengwa juu ya sababu na matokeo: hakuna kinachotokea chenyewe, na anayetaka tokeo liondoke aondoe kilicholileta. Mtu aliyezoea kufikiri hivyo akisikia kivuko kimepinduka atauliza kilikuwa na watu wangapi, nani aliwahesabu, nani alishika usukani, nani alijua jana kwamba kimezidi na juzi na wiki iliyopita.

Mtu ataniambia nimejipinga: si nilisema tusiulize nani? Nilipinga swali linaloacha mshale mwilini. Kumsaka mchawi hakuzuii ajali ijayo. Kumtafuta aliyezidisha abiria kunaizuia, na huko ndiko kuuchomoa mshale. Kama bado kuna shaka kwamba njia hii inalea ukimya, someni habari za B. R. Ambedkar. Alizaliwa katika tabaka ambalo Wahindu wa matabaka ya juu hawakutaka hata kuligusa, akawa mwanasheria, akaongoza uandishi wa Katiba ya India. Oktoba 14, 1956, Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya wenzake. Kwao huo ulikuwa mgomo, mkubwa kuliko maandamano yoyote, dhidi ya mafundisho kwamba waliumbwa kuwa chini.

Na mwanaharakati naye ana la kujibu. Tume ikimaliza kazi, mwenye kosa akafungwa, kivuko kipya kikaletwa, mjane wa Ukara bado ana usiku wa kuuvuka. Haki imetendeka na kitanda ni kitupu. Hapo mwanaharakati hana neno. Patacara analo, na alilipata mahali pale pale penye maji na mtoto asiyerudi.

Lipo kundi lingine ambalo sitaki lidhani niko upande wake: wahamasishaji wanaochukua vipande vya Budha na vya Epictetus na kuviuza kwa kiingilio, kwamba ukituliza akili utapata gari, na kwamba umaskini wako umetokana na fikra zako hasi. Hao ni wapiga ramli wenye suti. Nao wanatafuta mtu wa kumbebesha lawama, ila wao wanamnyooshea kidole mteja mwenyewe. Mama aliyelowesha dagaa akitoka kwenye semina yao anarudi nyumbani na mshale wa pili aliouziwa.

Kazi iliyobaki, ya kumpa mama yule watu wa kuwaza naye, si ya kusubiri wafadhili. Kila wiki wanawake wa mialoni wanakaa kwenye vikoba, wanahesabu hisa, wanatoza faini waliochelewa, wanasikiliza mwenye msiba. Ndicho kikao nikitakacho, na tayari kipo. Kinachokosekana ni maandishi kwa lugha wanayoisema. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake kubwa kwa Kikerewe, juu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto wakatenganishwa na maneno ya ndugu, mpaka mume akaenda ukweni kumrudisha mkewe. Ni kitabu cha falsafa ya mateso kilichoandikwa kuhusu watu wa jembe na mtumbwi. Hakikupata mchapishaji kwa miaka mingi kwa sababu lugha yake ilionekana ndogo. Kilitoka mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Tusirudie kungoja hivyo. Mashairi ya akina Patacara si marefu. Mengi yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Mhadhiri wa chuo kikuu pale Malimbe mwenye Kiswahili kizuri anaweza kuanza na kumi mwaka huu, ayapeleke kwenye kikoba cha Igombe, ayasome kwa sauti, kisha akae asikilize watakavyombishia.